Bei Haipandi, Hupandishwa

Lugha yetu haina uhaba wa vinyambuo. Kitenzi kimoja hukipa uwezo wa kusema nani kafanya, nani kafanyiwa, nani kafanyisha na nani kafanyishwa. Mwizi huiba, mali huibwa, mlinzi huhongwa, mlango ukafunguliwa. Iweje basi, likija suala la unga, mafuta, sukari na maharage, lugha hii tajiri ghafla ijifanye bubu na kutuambia tu kwamba "bei imepanda"? Imepanda wapi, na kwa ngazi ya nani? Mnazi una mkwezi, na mkwezi ana jina lake, ana kitanzi chake miguuni na ana mashahidi waliomwona akikwea. Bei peke yake ndiyo iliyojaaliwa kukwea bila mkwezi. Jioni tunaisikia redioni imepanda, asubuhi tunaikuta dukani imekaa juu, na hakuna aliyeiona ikipita.

Sisemi haya kama mwanauchumi. Elimu yangu ya darasani iliishia mapema; iliyobaki nimejiokotea katika vitabu vya kuazima na kamusi zilizochanika majalada. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula kwa kufasiri, na mfasiri, hata asiye na cheti, hujifunza jambo moja ambalo wasomi wengi hulipita: kwamba dhuluma aghalabu huanza katika sarufi. Miaka michache iliyopita shirika moja, ambalo sina haja ya kulitaja, lilinipa kijitabu cha Kiingereza juu ya bei za chakula nikifasiri kwa ajili ya wakulima. Palipozungumziwa wenye maghala waliokalia mafuta ya kula wakingoja faida inone, nikaandika "walipandisha bei". Rasimu iliporejea kutoka kwa wakubwa, sentensi yangu ilikuwa imegeuzwa ikawa "bei ilipanda". Nikauliza sababu. Nikajibiwa kwamba neno langu lina shari. Nikauliza tena, je, tendo lenyewe halina shari? Sikujibiwa, na kazi niliyopewa baada ya hapo ilikuwa ya kufasiri kipeperushi cha kunawa mikono.

Na hata hilo neno la kitaalamu tulilolizoea, "mfumuko wa bei", lina hila ndani yake. Mshono hufumuka. Msuko wa nywele hufumuka. Ukisema bei zimefumuka umekwisha kusema kwamba uzi umechakaa wenyewe, fundi asiulizwe, aliyevuta asiulizwe, na atakayetembea uchi ajisitiri kwa mikono yake.

Ninakoandikia ni Karagwe, na nitajapo Karagwe naitaja pia Kyerwa, iliyomegwa kutoka ubavuni mwake ikawa wilaya kamili mwaka 2012. Tuko pembeni kabisa mwa nchi, kaskazini-magharibi, na mto Kagera ndio ukuta wetu: ng'ambo hii Rwanda, ng'ambo ile Uganda. Hata hivyo Pwani na nchi hii hazikujuana jana. Kabla ya ukoloni wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, jirani na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika. Walileta nguo na shanga, wakaondoka na pembe za ndovu. Mzungu Speke alipofika hapa mwaka 1861 alistaajabia wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama kukawa taabu. Nadhani hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi ambayo hadi leo naisikia kila niteremkapo bandarini Malindi, Unguja: "Nyinyi wa kwenu huko ndizi tele, maharage tele, mtajuaje njaa?" Waungwana wanaosema hivi hawana nia mbaya. Wamerithi tu taarifa za mgeni aliyekula na mfalme akaandika kwamba nchi imeshiba.

Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta Kagera, katika watoto walio chini ya miaka mitano, karibu wanne katika kila kumi wamedumaa. Na hapa ndipo penye mgomba nyuma ya kila nyumba! Wapo wanaotueleza kwamba ni ujinga wa akina mama, kwamba hawajui kuchanganya vyakula, na semina zimefanyika, na mabango yamebandikwa. Sikatai kwamba ndizi tupu hazimjengi mtoto. Lakini mama ajuaye kabisa kwamba mtoto ahitaji maharage, mafuta kidogo, dagaa wa Ziwa Viktoria na yai, atafanya nini na ujuzi wake iwapo kati ya vinne hivyo vitatu hununuliwa, na hicho cha nne, maharage, kimekwisha kuuzwa?

Hili la maharage nalitaka msomaji wa visiwani alielewe vizuri, maana ndilo kitovu cha maneno yangu. Huku tuna misimu miwili. Maharage yapandwayo kwenye mvua za Septemba na Oktoba huvunwa Desemba na Januari. Ya mvua za Februari na Machi huvunwa Juni. Januari ndiyo shule hufunguliwa. Ada ya msingi na sekondari ilifutwa tangu 2016, ni kweli, lakini sare haikufutwa, wala viatu, wala madaftari, wala ile michango yenye majina mapya kila mwaka. Basi wilaya nzima huvuna juma lile lile, ina shida ya fedha juma lile lile, na inamngoja mnunuzi yule yule mwenye lori. Wanunuzi wanalijua hilo kuliko sisi. Debe linamwagwa kwenye gunia, gunia linashindiliwa kwa goti, kisha linaongezewa kichuguu juu na kushonewa kofia ya kamba. Hiyo ndiyo lumbesa, iliyopigwa marufuku mara zisizohesabika na viongozi wa kila awamu, na Wakala wa Vipimo wanaijua, na barabarani inapita mchana kweupe. Mkulima anauza gunia moja lililobeba gunia na robo. Hakuna mtakwimu aliyewahi kuiandika robo ile.

Miezi mitatu baadaye nyumba ile ile inarudi sokoni, Omurushaka au Nkwenda au Kaisho, kununua maharage. Kununua mbegu, na kununua mboga. Safari hii haikuti debe la kichuguu. Inakuta sado, yaani lile kopo la rangi la lita nne lililogeuzwa kuwa mizani ya taifa, na muuzaji analipitishia kiganja juu likawa sawasawa kama sakafu ya msikiti. Mara nyingine kopo limebonyezwa chini kidogo, kitako kikaingia ndani. Basi mtu yule yule kauza kwa kipimo cha kuvimba na kununua kwa kipimo cha kusinyaa, na kati ya mwezi wa kuuza na mwezi wa kununua, bei imeongezeka juu ya hayo. Ukimwuliza mkubwa yeyote atakwambia bei imepanda kwa sababu ya msimu. Msimu! Msimu una mikono ya kushindilia gunia kwa goti?

Nimewasikia wajuzi wakituambia kwamba bei ya chakula ikiwa juu mkulima ananufaika, kwa hiyo mtu wa mjini akilalamika, mtu wa shamba ashangilie. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mkulima angekuwa na ghala, na kama angekuwa na chakula cha kuuza wakati bei iko juu. Walio wengi hawana. Wao ni wauzaji kwa miezi miwili na wanunuzi kwa miezi kumi. Na wapo wasiovuna kitu cha kuuza kabisa, vibarua wa kulima na kupalilia mashamba ya wenzao, ambao ujira wao wa siku huamuliwa na mwajiri na thamani ya ujira huo huamuliwa na mwenye duka. Kati ya hao wawili wao hawana kauli. Shangwe hiyo wanayotuagiza ni ya wachache wenye stoo na lori, na hao hawahitaji kuagizwa, wanashangilia tayari.

Na ndizi je? Mgomba kwa Mnyambo ni zaidi ya zao. Ebitoke ndicho chakula chenyewe, na vingine ni vitoweo. Mgeni asipopikiwa ndizi hajapikiwa. Mwaka 2006 ulipothibitishwa mkoani Kagera ule mnyauko wa bakteria, unaogeuza majani manjano na kuozesha tunda likiwa bado changa, dawa haikuwapo. Tiba ilikuwa kung'oa na kufukia, na kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa shina la pili. Wazee walisimama wakaangalia mashamba waliyorithi kwa mababu yakikatwa mithili ya maiti wa vita. Tangu hapo nyumba nyingi zilizokuwa hazijui bei ya mkungu zimelazimika kuijua. Hili nalikubali: bakteria hana nia mbaya, na hapa mtu aweza kusema bei "ilipanda" nisimkatalie. Kwa nusu tu. Maana miche safi na elimu ya kuukabili ugonjwa vilikuwapo, na vilifika haraka kwa walio kando ya barabara kuu kuliko kwa walio nyuma ya vilima.

Kabla ya hapo tulikwisha kuona jinsi bei ya chakula chetu inavyoweza kuvurugwa na mambo tusiyoyatenda. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja na ushei, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na wengine wakapiga kambi Karagwe mpaka waliporejeshwa kwao Desemba 1996. Wataalamu waliochunguza bei za miaka ile walikuta kwamba vyakula vilivyokuwa vikigawiwa kambini, kama mahindi, havikupanda bei sana, lakini visivyogawiwa, na ndizi zikiwa mojawapo, vilipanda mno. Kwa lugha nyepesi, misaada ya dunia ililisha kambi, na kitoweo cha kambi kikatoka sufuriani kwa mwenyeji. Simlaumu mkimbizi aliyebadilisha unga wa msaada kwa mkungu. Nani asiyetamani chakula cha kwao? Nasema kwamba mkungu ule ulilipiwa na Mnyambo maskini asiye na shamba kubwa, na jina lake halikuandikwa katika orodha ya wafadhili.

Nije kwenye miaka ya karibuni. Machi 2022, wiki chache baada ya vita vya Ukraine kuanza, faharisi ya bei za chakula duniani inayotolewa na FAO ilifika kilele chake. Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake, ikaruhusu tena mwezi uliofuata. Mei, petroli Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Hayo ni kweli na yana tarehe zake. Dukani Kayanga tukaambiwa: Ukraine. Mafuta ya kula, Ukraine. Sabuni, Ukraine. Chumvi nayo, Ukraine, ingawa sijapata kusikia kwamba chumvi ya Uvinza hupitia Odesa. Mwaka 2023 bei za mafuta ya kula katika soko la dunia zilishuka kwa karibu theluthi moja zikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Nikaingoja theluthi yangu. Bei iliyopanda kwa mbio za swala ikateremka kwa mwendo wa kinyonga, na mahali pengine haikuteremka, ila chupa ilisinyaa.

Kwani siku hizi maskini hapandishiwi bei tu, hupunguziwa kipimo. Mafuta hupimwa kwa kikombe kidogo, sukari hufungwa kwenye kijaluba cha nailoni, sawa na vijiko vichache, ili sarafu ya mia mbili ipate cha kununua. Anayenunua kwa kilo huitwa tajiri. Na ukijumlisha vijaluba mpaka vitimie kilo moja, utakuta kwamba mtu maskini kuliko wote kijijini ndiye anunuaye sukari ghali kuliko wote kijijini. Hili halihitaji shahada. Linahitaji kuhesabu vijaluba.

Na sukari yenyewe ina kisa chake. Kiwanda kikubwa cha sukari kipo Missenyi, wilaya jirani yetu, mkoa huu huu. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa za El Niño zilisimamisha uvunaji wa miwa viwandani, sukari ikaadimika nchi nzima. Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei za kikomo za rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mahali. Sehemu nyingi za nchi kilo ikauzwa 4,000 na kuendelea, tangazo likiwa bado mbichi ukutani. Mvua ilinyesha juu ya miwa, sawa. Lakini tofauti kati ya bei iliyotangazwa na bei iliyolipwa haikunyeshewa na mvua. Kuna mkono ulioipokea, shilingi kwa shilingi.

Mtaniambia mbona takwimu zinaonyesha hali si mbaya. Desemba 2022 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza mfumuko wa asilimia 4.8 kwa mwaka, tukapongezwa kwamba tuko chini ya wenzetu. Kwa chakula peke yake ilikuwa asilimia 9.7, maradufu. Na hiyo 4.8 hupatikanaje? Kwa kapu la taifa ambamo kila kitu hupewa uzito wake. Katika kapu lililotumika awali, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilikuwa na uzito wa 38.5 katika mia. Kapu likabadilishwa, likawekwa la mwaka 2020, na chakula kikapewa 28.2. Sina ugomvi na hesabu zao. Huenda mtu wa wastani wa nchi hii sasa anatumia zaidi kwenye simu, nauli na kodi ya nyumba. Ila mtu huyo wa wastani sijapata kukutana naye Mabira wala Murongo. Nyumba nizijuazo huko, mfuko ukifunguliwa, chakula huchukua zaidi ya nusu na wakati mwingine hakibakishi kitu. Wakipandishiwa chakula kwa asilimia kumi wao wamepandishiwa maisha, na wala hawatajitambua katika namba inayosomwa Dodoma.

Na nauli ya chakula hicho? Tazameni jedwali la bei kikomo za mafuta linalotolewa na EWURA kila mwezi. Kyerwa huwa miongoni mwa wilaya zinazolipia lita moja ghali kuliko karibu nyingine zote Tanzania Bara. Ni sawa, ni mbali na bandari. Lakini barabara ya kutoka Omugakorongo hadi Murongo mpakani imeahidiwa lami katika kampeni zaidi ya moja, na kila mwaka isiyowekwa lami hugeuka shilingi juu ya kilo ya chumvi inayopanda nayo na kupunguza shilingi kwenye gunia la maharage linaloteremka nayo. Njia hiyo mbovu hutukata kwenda na kurudi.

Sasa nitoe ushahidi kwamba watawala wanaijua sarufi vizuri kabisa. Kwa miaka mingi kahawa yetu ya maganda ilinunuliwa kwa bei ya kudharauliwa. Mwaka 2018 Serikali iliagiza yote ipitie vyama vya ushirika. Ilikuwa shilingi elfu moja na ushei kwa kilo, na malipo yakachelewa. Wengi walikuwa wamekwisha kuiuza ikiwa ua mtini, kwa mtindo tunaouita butura, ili wapate fedha ya kununua chakula cha miezi ya dhiki. (Hapo mnaona bei ya maharage inavyoikaba bei ya kahawa.) Baadaye ikaja minada ya hapa hapa mkoani, wanunuzi wakashindana, soko la dunia nalo likawaka moto hadi robusta ikavunja rekodi mwaka 2024 na 2025, na bei ya mkulima ikaongezeka mara mbili na zaidi. Nawapongeza walioanzisha minada. Lakini sikilizeni majukwaani ilivyosemwa: "Serikali imepandisha bei ya kahawa." Imepandisha! Kitenzi cha kusababisha, pamoja na mtenda wake, pamoja na makofi. Basi kinyambuo hiki hakijapotea. Kipo, kimetunzwa kabatini, hutolewa siku ya furaha. Siku ya mafuta ya kula hurejeshwa kabatini na bei ikapanda yenyewe.

Nanyi wa Unguja na Pemba hamhitaji kufundishwa haya. Mnakijua kisa cha karafuu: bei aliyolipwa mchumaji ilipokuwa mzaha, karafuu zilivuka usiku kwenda Mombasa, na mchumaji akaitwa mhaini. Bei iliponyanyuliwa kuanzia 2011, Shirika la ZSTC likawa linamlipa mkulima sehemu kubwa zaidi ya bei ya dunia, na magendo yakapoa yenyewe kuliko yalivyopozwa na boti za doria. Huku kwetu kahawa ilivuka Kagera kwenda Uganda kwa sababu ile ile, na maneno yaliyotumika juu ya wavushaji yalikuwa yale yale. Na wazee wenu wanaokumbuka foleni za mchele za mwanzoni mwa miaka ya 1970 watanielewa nikisema kwamba tumbo la raia ni jambo linaloamuliwa na watu waliokaa mezani, na kwamba watu hao wana majina.

Mpaka ndio unaoonyesha upendeleo kwa uwazi zaidi. Juni 2017 ilitangazwa marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi. Atakaye kuuza, akaambiwa, auze unga. Lengo lililotajwa lilikuwa kumlinda mlaji. Vizuri. Mkulima wa Kaisho mwenye magunia matano akanunue kinu wapi? Msimu uliofuata mahindi yakajaa, bei ikaporomoka, zaidi ya kote katika nyanda za juu kusini. Je, mlisikia marufuku ya kumlinda mkulima? Mlisikia mtu akikatazwa kununua chini ya bei fulani? Bei ya mkulima ikinyanyuka, hufungwa mpaka kwa amri ya siku moja. Bei ya mafuta ikinyanyuka, tunafundishwa jiografia ya Bahari Nyeusi. Sipingi hifadhi ya chakula cha taifa, wala sisemi maharage yote yavuke Murongo watoto wetu wakilamba sufuria. Nasema tu kwamba mzigo wa kumlisha mtu wa mjini kwa bei nafuu amebebeshwa mtu wa Kyerwa peke yake, naye hajawahi kuulizwa, na ujira wake wa kuubeba ni kununua sukari kwa kijaluba.

Nimekuwa nikijiuliza watunzi wako wapi katika jambo hili. Muyaka bin Haji, karne mbili zilizopita huko Mombasa, anasifiwa hata leo kwa kuutoa ushairi msikitini na kuutembeza sokoni. Sisi tumeurudisha wapi? Ukumbini, kwenye viyoyozi. Mnyampala na wenzake wa UKUTA walituachia ngonjera, chombo kizuri kilichofundishwa haraka kusifu, na tangu hapo malenga wengi hawaitwi ila kuna mgeni rasmi. Kisha tukaingia ule ugomvi wa vina na mizani dhidi ya mashairi huru, tukaugombania miaka thelathini na zaidi. Sasa umepoa, na sijui mtu mmoja ambaye ule ugomvi ulimpunguzia bei ya kibaba. Huku Kagera, wapiga enanga wa zamani waliimba mbele ya wafalme habari za mashujaa, lakini hawakuogopa kutia ndani ya utenzi uchoyo wa mkubwa na njaa ya mdogo. Profesa Mulokozi ametumia miaka mingi ya usomi wake kutuonyesha uzito wa fasihi ile. Sisi warithi wao tunaandika juu ya mwezi, na mwezi ni mzuri, nami nimeuandikia. Hata hivyo ubeti huu niliutunga kwa ajili ya gulio la Nkwenda, nikausoma hapo hapo, na akina mama wauza ndizi wakautia mdomoni kabla sijamaliza kuukunja:

Bei wasema yapanda, ngazi kaiweka nani?
Mgomba niloupanda, wanikana hadharani,
Gulioni nikienda, kapu lina nini ndani?
Mpishi kulala njaa, ni ada ya nchi gani?

Kijana mmoja msomi alinijia baadaye akaniambia ubeti umeelemea upande mmoja, haukuzingatia nguvu za soko. Nikamwambia anitajie nguvu hizo kwa majina nami nitazitafutia vina.

Basi haya ndiyo niyatakayo, na si makubwa. Kila kijiji kipate ghala lenye kufuli mbili, mkulima aweke maharage yake Januari na apewe mkopo juu yake wa kulipia sare na madaftari, auze Aprili. Ushirika wetu unaijua kazi ya stakabadhi; ilikuwa na ianzie chakula kabla ya biashara. Wakala wa Vipimo wasimame kwenye kizuizi cha barabara msimu wa mavuno wakiwa na mizani, si msimu wa sherehe wakiwa na fulana. Bei kikomo ikitangazwa, itangazwe pamoja na jina la atakayeshitakiwa ikivunjwa. Na redio za wilaya zisome kila Ijumaa bei ya sado ya maharage, mkungu wa ndizi, kilo ya sukari na kikombe cha mafuta, soko kwa soko, kama zinavyosoma matokeo ya mpira.

Na kwako, Mhariri: jarida hili limetoa kurasa nyingi kwa ghazali na nyingine nyingi kwa maombolezo. Naomba moja. Kila toleo, watunzi wa Pemba, Lamu, Tanga, Kilwa na huku kwetu walete kila mmoja ubeti mmoja wenye bei ndani yake, ukitaja kitu, kipimo, soko na mwezi, na kitenzi chake kiwe na mtenda. Wangu wa kwanza utakufikia na posta ya mwezi ujao: ni wa sado ya maharage, Omurushaka, ikiwa imepitishiwa kiganja juu.